Mgeni na Jembe: Somo juu ya Mithali za Wazee

Zamani, katika nchi ya Wanande, wazee walikuwa wakikutana jioni katika kyaghanda, nyumba ya mazungumzo yenye moto katikati. Humo waliamua mashauri, na humo vijana walifundishwa. Mzee hakusema maneno mengi. Alitia mithali moja, na wenye masikio wakaelewa. Mithali ni neno fupi lililobeba mambo ambayo watu wengi waliyajua kwa taabu. Lakini yaweza pia kutumiwa vibaya, na hilo ndilo jambo la somo hili.

Waswahili husema: Mgeni njoo, mwenyeji apone. Wao hao husema tena: Mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Je, ni ipi iliyo ya kweli? Swali hili si la mchezo. Tangu mwezi wa Oktoba 2014 mauaji katika sehemu za Beni yamewakimbiza watu wengi sana. Wameacha kahawa na kakao shambani, wakaingia katika nyumba za ndugu zao, na mara nyingi za watu wasiowajua, hata Butembo na Lubero. Majuma ya kwanza mwenyeji hugawa mihogo na maharagi kwa moyo mweupe. Chungu kikianza kupungua, hatakosekana mtu wa kuikumbuka ile mithali ya siku ya tatu, naye huitamka kwa sauti, ili mgeni aisikie.

Mtu huyo ameishika mithali kwa upande wa makali. Tazameni maneno yenyewe: hayasemi «mfukuze», yasema «mpe jembe». Aliyepewa jembe si mgeni tena. Amekuwa mtu wa nyumbani, alima na kula pamoja na wengine. Tena jembe pasipo udongo ni mti na chuma tu. Kwa hiyo mwenye kuitumia mithali hii hana budi kuonyesha pia kipande cha shamba, hata kwa msimu mmoja. (Katika milima ya Lubero mashamba ni membamba. Jambo hili ni gumu, wala halifai kusemwa kana kwamba ni jepesi.)

Kitabu cha Mithali nacho chaweka maneno yanayopingana mahali pamoja. Katika sura ya 26, aya ya 4 yamzuia mtu asijibizane na mpumbavu. Aya ya 5 yamwambia amjibu. Walioandika hawakukosea. Waliziweka jirani, ili msomaji atafute saa ya kila moja.

Wala hawakuona haya kupokea hekima ya mataifa. Sura ya 31 yaanza na maneno ya mfalme Lemueli, ambaye hamo kati ya wafalme wa Israeli. Na katika sura ya 22 na ya 23 yamo mafundisho yanayofanana sana na yale ya Amenemope, mwenye hekima wa Misri ya kale, ambaye gombo la mafundisho yake limetunzwa London. Pande zote mbili zakataza kusogeza alama ya mpaka wa shamba, na yule Mmisri ataja hasa mpaka wa mjane.

Mjane aliyekimbia Beni ana mpaka wake pia, ingawa hayupo kuulinda. Na huko alikoliacha shamba, jirani aliyebaki ndiye ajuaye alama ilikuwa wapi.