Waya wa Hedifoni: Tubadilishe au Tuache?

Ndugu wafanyakazi, hedifoni ikinyamaza upande mmoja, sisi tulioko Nakivale tusikimbilie Mbarara kununua mpya. Nauli ya kwenda na kurudi nayo ni bei, ingawa mwenye duka haihesabu.

Tuivae, tuwashe redio, tukunje waya polepole, hasa karibu na plagi. Sauti ikirudi na kupotea, hapo ndipo palipokatika. Tukate hapo, tufunge plagi mpya. Waya mzima haubadilishwi. Fundi akisema lazima, atuonyeshe sababu.

Nyuzi za ndani huwa zimepakwa vanishi. Isipokwanguliwa au kuchomwa kwanza, lehemu haishiki. Kazi nyingi huharibikia hapa. Plagi ya kawaida ina mistari miwili ya kutenga. Yenye maikrofoni ina mitatu. Tununue iliyo sawa na ya zamani.

Sauti isiporudi popote, tufungue upande ulionyamaza, tuguse ncha mbili za spika kwa betri ya volti 1.5, mara moja tu. Ikilia "ta", spika ni nzima, waya ubadilishwe. Ikinyamaza, spika imekufa. Tusitoe hata shilingi kwa waya.