Fuata Ng'ombe: Mwongozo wa Mbarara, Bigo na Nakivale

Ukija Ankole, kusini-magharibi mwa Uganda, kutafuta kuta za mawe kama za Gedi au Zimbabwe Kuu, waweza kupita katikati ya mji wa kale usiuone. Watu wa nyanda hizi za juu walijenga kwa udongo, miti na nyasi, na mali yao ilikuwa malishoni. Fuata ng'ombe, utafika.

Igongo na Biharwe

Anzia hapa. Kituo cha utamaduni cha Igongo kiko Biharwe, kwenye barabara ya Masaka, kama kilomita 12 kutoka Mbarara mjini, boda-boda inafika. Katika makumbusho yake, Eriijukiro, tumia muda kutazama ebyanzi, vyombo vya mbao vya maziwa. Kisha agiza eshabwe, mchuzi mweupe wa samli.

Biharwe pia pana mnara wa kupatwa kwa jua mwaka 1520. Inasimuliwa kwamba jeshi la Bunyoro lilikuwa likirudi na ng'ombe liliowateka Nkore, ufalme wa kale wa Ankole, giza likaingia mchana, likatimka na kuacha mifugo. Kwa kisa hicho wanahistoria wamejaribu kupanga miaka ya wafalme wa eneo hili.

Ntusi na Bigo bya Mugenyi

Tenga siku nzima na gari linalohimili vumbi. Maeneo yote mawili yako wilaya ya Ssembabule. Toka Mbarara hadi Lyantonde, kisha kata kaskazini. Nenda Juni hadi Agosti, kabla mvua hazijaharibu njia.

Ntusi palikaliwa takriban kati ya mwaka 1000 na 1400. Utaona marundo makubwa ya taka za kale, yamejaa mifupa ya ng'ombe na vigae. Mawe ya kusagia yanaonyesha kuwa wenyeji walikula nafaka pia, na shanga chache za kioo zilitoka mbali, upande wa Bahari ya Hindi.

Bigo iko kando ya Mto Katonga. Mahandaki yake yanazidi kilomita 10, mengine yamechimbwa hadi kwenye mwamba. Simulizi husema yalichimbwa na Wachwezi, watawala wa kale wa hadithi za eneo hili. Merrick Posnansky, aliyechimba hapo 1960, alikuta dalili za wafugaji. Tembea ndani ya handaki ndipo uelewe wingi wa mikono iliyofanya kazi hiyo. Usiokote kigae: kikishaondolewa kwenye tabaka lake, hakiwezi tena kueleza ni cha lini.

Nakivale

Kambi hii ya wilaya ya Isingiro ilianza mwishoni mwa miaka ya 1950 kwa wakimbizi wa Rwanda. Leo wamo pia Wakongo, Warundi, Wasomali na wengineo. Omba kibali mapema Ofisi ya Waziri Mkuu, na usipige picha ya mtu bila idhini yake. Kiswahili kitakufaa sana. Zungumza na wazee wa Kinyarwanda: ng'ombe wa pembe ndefu na vyombo vya maziwa ulivyoviona Igongo ni urithi wao pia, kwani mpaka wa Uganda na Rwanda ulikuja baadaye. Nunua chakula sokoni, fedha ibaki kambini.

Neno la mwisho

Kule Ssembabule, tafuta mwenyeji akuongoze na umlipe vizuri. Mahandaki hayana ukuta wa kuyalinda. Yatadumu iwapo wanaolima na kuchunga jirani yake wanafaidika kwa kuwapo kwake.