Onyo la Diski ya Kompyuta na Namna ya Kulisoma

Diski ngumu ni chombo kinachohifadhi maandishi, picha na hesabu za kompyuta hata baada ya umeme kuzimwa. Ndani ya kasha lake lililofungwa mna sahani moja au zaidi zilizopakwa utando mwembamba wa sumaku, nazo huzunguka pamoja kwenye mhimili mmoja. Sahani ya diski ya kompyuta ya mezani ina kipenyo cha milimita 95 hivi, na aghalabu huzunguka mara 5,400 au 7,200 kwa dakika. Mwanafunzi wa fizikia akikokotoa ataona kwamba, kwa mizunguko 7,200, ukingo wa sahani huenda kwa mwendo wa mita 36 hivi kwa sekunde, yaani karibu kilomita 130 kwa saa. Juu yake huelea kichwa cha kusomea na kuandikia, nafasi kati ya viwili hivyo ikiwa ni nanomita chache tu. Chembe ya moshi wa sigara haiwezi kupenya hapo. Kwa chombo cha namna hiyo, la kustaajabisha si kwamba huharibika, bali ni kwamba nyingi hudumu kwa miaka.

Diski ya kwanza ya aina hii ilitolewa na kampuni ya IBM mwaka 1956. Ilikuwa na sahani 50 na ilihifadhi herufi milioni 5 tu. Kwa miaka mingi mtumiaji alijua diski yake ni mbovu siku ilipokataa kufanya kazi. Mwaka 1992 IBM ilianza kutoa diski zenye uwezo wa kujichunguza, na mwaka 1995 kampuni ya Compaq, ikishirikiana na watengenezaji wa diski, ilitoa mpango wake. Katika juhudi hizo ndimo ulimozaliwa utaratibu uitwao SMART, ambao leo umo karibu katika kila diski. Diski huweka daftari la afya yake yenyewe, na programu maalumu, kama ile ya bure iitwayo smartctl, huweza kulisoma.

Ugumu huanza daftari linapofunguliwa. Ichukuliwe kwamba mwalimu wa taaluma wa shule fulani anawasha kompyuta yenye alama zote za mitihani za vidato vinne, na kwenye kioo linatokea onyo kwamba diski ina matatizo. Anatazama daftari na kuona mistari ishirini na zaidi ya tarakimu. Juu yake pana hukumu ya jumla isemayo kwamba diski imefaulu. Aamini lipi?

Kila mstari una namba kadhaa ambazo hapana budi zitenganishwe. Namba moja ni hesabu ghafi: jambo limetokea mara ngapi, au joto ni nyuzi ngapi. Nyingine ni alama ambayo diski imejipa kutokana na hesabu hiyo. Alama hii huanza juu, mara nyingi 100 au 200, na hushuka kadiri hali inavyozidi kuwa mbaya, kama alama za mtihani. Namba ya tatu ni mpaka uliowekwa na mtengenezaji. Alama ikishuka hadi kwenye mpaka, ndipo mstari unapohesabiwa kuwa umeshindwa. Wengi husoma kinyume: huona 100 kwenye mstari wa makosa wakadhani makosa ni mia moja, kumbe hiyo ndiyo alama ya juu.

Mpaka wenyewe wastahili kutazamwa kwa makini. Katika diski nyingi mpaka wa mistari fulani ni 0, yaani mstari huo hauwezi kuifanya diski ishindwe hata makosa yakiongezeka. Kwa hiyo hukumu kwamba diski imefaulu haina maana kwamba ni nzima. Maana yake ni kwamba hakuna alama iliyofika kwenye mpaka ambao mtengenezaji mwenyewe aliuweka. Neno la kushindwa ni zito na lapasa kuaminiwa. Neno la kufaulu ni jepesi mno.

Ni mistari gani basi ya kutazamwa kwanza? Ili kuielewa, ni lazima kujua kwamba uso wa sahani umegawanywa katika vipande vidogo viitwavyo sekta, na kwamba diski huacha sekta za akiba. Diski ikishindwa kusoma sekta fulani, haiitupi papo hapo. Huiweka katika orodha ya sekta zinazosubiri, mstari namba 197. Siku kompyuta itakapoandika upya mahali hapo, diski huijaribu sekta hiyo. Ikiwa nzima, hutolewa orodhani. Ikiwa mbovu, kazi yake hupewa sekta ya akiba, na hesabu ya mstari namba 5, wa sekta zilizohamishwa, huongezeka. Umeme ukikatika ghafla wakati sekta inaandikwa, huweza kuachwa nusu ikasomeka kama mbovu, ingawa sahani haina kovu lolote. Mahali umeme unapokatika mara kwa mara, jambo hili si la kusahauliwa.

Mstari namba 199 ni wa asili nyingine kabisa. Huo huhesabu makosa yaliyotokea njiani, katika waya uunganishao diski na kompyuta. Mara nyingi dawa yake ni kubadili waya au kuusukuma uingie vizuri. Hesabu yake hairudi nyuma hata baada ya matengenezo. La kuangalia ni kama imeacha kupanda. Nao mstari namba 1, wa makosa ya kusoma, huonyesha katika diski za baadhi ya watengenezaji hesabu ghafi za mamilioni ambazo hazina maana ya ubaya wowote. Diski nzima nyingi zimetupwa kwa sababu ya mstari huo.

Swali la mwalimu yule bado halijajibiwa: je, diski yake itakufa? Hapa zinasaidia takwimu za wenye diski nyingi. Mwaka 2007 watafiti wa kampuni ya Google walitoa uchunguzi wa diski zaidi ya 100,000. Waliona kwamba diski iliyohamisha sekta kwa mara ya kwanza ilikuwa na uwezekano mara 14 zaidi wa kufa katika siku 60 zilizofuata kuliko ile isiyohamisha. Lakini waliona pia kwamba zaidi ya asilimia 56 ya diski zilizokufa hazikuwa zimetoa onyo lolote katika vipimo vinne vilivyo bora. Mwaka 2016 kampuni ya Backblaze, yenye kuhifadhi data za watu, ilieleza kwamba asilimia 76.7 ya diski zake zilizokufa zilikuwa na hesabu zaidi ya sifuri katika angalau kipimo kimoja kati ya vitano, ilhali miongoni mwa zilizokuwa zikifanya kazi ni asilimia 4.2 tu. Tarakimu hizo mbili zinatofautiana kwa kuwa diski na vipimo havikuwa sawa.

Zichukuliwe tarakimu za Backblaze, na ikadiriwe kwamba katika diski 1,000, 20 zitakufa. Kati ya hizo 20, kama 15 zitakuwa zimeonya. Kati ya 980 nzima, asilimia 4.2, yaani 41, zitakuwa zimeonya pia. Jumla ya zilizoonya ni 56, na 15 kati yao zinakufa: zaidi kidogo ya moja katika kila nne. Zisizoonya ni 944, na 5 kati yao zinakufa: moja katika kila 189.

Kwa hiyo yamkini diski ya mwalimu haifi upesi. Lakini hatari yake ni kubwa mara 50 hivi kuliko ya diski iliyo kimya, na kunakili alama za shule nzima huchukua dakika chache. Anakili kwanza, akianza na kile kisichoweza kupatikana tena, kabla ya kuendesha jaribio lolote refu au programu ya kutengeneza diski, maana jaribio huilazimisha diski kusoma uso wake wote, na hiyo yaweza kuwa kazi yake ya mwisho. Diski ikitoa sauti ya kugonga-gonga, izimwe, isifunguliwe kasha.

Baada ya nakala kuwa salama, daftari lisomwe tena kesho na wiki ijayo. Tuseme siku ya kwanza sekta zinazosubiri zilikuwa 8. Zikirudi 0 baada ya kuandikwa upya, na zilizohamishwa zisiongezeke, yaelekea ulikuwa umeme tu. Zikiwa 24, kisha 112, diski ibadilishwe. Na zile 5 zilizokufa bila kuonya? Kwa hizo daftari halina msaada. Nakala ndiyo inayobaki.

Zoezi: Wanafunzi warudie hesabu ya hapo juu kwa kukadiria kwamba diski 10 tu katika 1,000 zitakufa, asilimia nyingine zikibaki zile zile. Waeleze kwa nini onyo lile lile sasa lina uzito mdogo zaidi.