Uzuri wa Mkakasi: Somo Kuhusu Chupa, Kopo na Pakiti

Ndugu msomaji, wahenga walinena kuwa kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza. Lau wangefufuka leo wakaingia katika duka lolote la mtaani, nadhani wangeitia methali hiyo mkia: siku hizi hata kibaya chajiuza, mradi kimevishwa nguo nzuri. Nguo ninayoizungumzia ni kifungashio, yaani chupa, kopo, tyubu au pakiti inayobeba sabuni, shampuu, mafuta ya kujipaka na dawa ya meno. Katika makala haya nataka tujifunze jinsi nguo hiyo ilivyobadilika, na jinsi ya kuisoma kabla hatujatoa pesa mfukoni.

Hebu tuanze na historia kwa ufupi. Kujipamba hakukuanza jana. Huko pwani marashi yalitiwa katika mrashi, chombo chenye shingo ndefu cha kunyunyizia wageni. Huku bara mafuta yaliwekwa kibuyuni. Vyombo hivyo havikutupwa. Vilijazwa tena na tena. Ng'ambo nako walitumia kioo na bati. Mwaka wa 1841 mchoraji wa Kimarekani, John Goffe Rand, alibuni tyubu ya bati ya kubinya ili rangi zake zisikauke. Mnamo 1896 kampuni ya Colgate ikaanza kuuza dawa ya meno ndani ya tyubu. Kopo la buluu la Nivea nalo lilitokea mwaka wa 1925. Baada ya Vita vya Pili vya Dunia plastiki ilishika hatamu. Ni nyepesi, ni rahisi, na ikianguka bafuni haivunjiki.

Badiliko kubwa lililofuata ni la udogo. Kusini mwa India, katika miaka ya 1980, shampuu ilianza kuuzwa kwa wingi katika vipakiti vya kuoshea nywele mara moja tu. Kibarua aliyelipwa kwa siku, ambaye hangeweza kununua chupa nzima, akawa mteja. Mtindo huo umeota mizizi hapa Kenya pia, nasi tumeupa jina letu: uchumi wa kadogo. Mimi siwacheki wanunuao kadogo. Mama aliye na shilingi hamsini na watoto wa kulisha hawezi kuzifungia zote ndani ya chupa ya mafuta. Kadogo kamemwezesha kuoga kwa sabuni kama watu wengine.

Lakini tupige hesabu, maana mali bila daftari huisha bila habari. Tuseme pakiti ya gramu 10 inauzwa shilingi 10, na chupa ya gramu 250 inauzwa shilingi 200. Gawanya bei kwa uzani. Katika pakiti, gramu moja ni shilingi moja. Katika chupa, ni senti 80. Anayenunua pakiti 25 atalipa shilingi 250 kwa kiasi kile kile, yaani shilingi 50 zaidi. Kumbe haba na haba iliyojaza kibaba cha mwenye duka ndiyo iliyotoboa mfuko wa mnunuzi! Hata hivyo, si kila mara kadogo huwa ghali. Ndiyo sababu nasema gawanya kwanza, usikisie.

Gharama nyingine haiandikwi kwenye pakiti. Chupa ya plastiki huokotwa ikauzwa kwa kilo. Kopo la mafuta ya kupikia lilipata hata kazi ya pili, likawa gorogoro la kupimia mahindi sokoni. Lakini pakiti ndogo aghalabu hutengenezwa kwa tabaka za plastiki na alumini zilizogandishwa pamoja, na kuzitenganisha ni kazi ngumu. Hana haja nayo muokota taka, basi hubaki mtaroni. Serikali ilipopiga marufuku mifuko ya plastiki ya kubebea bidhaa tarehe 28 Agosti 2017, vifungashio vya kiwandani havikuguswa. Sheria ya Usimamizi Endelevu wa Taka ya mwaka wa 2022 ndiyo iliyokuja kumtwika mtengenezaji wajibu wa kifungashio chake hata baada ya kukiuza. Baadhi ya viwanda sasa vinatumia plastiki iliyorejelezwa, au vinauza mafuta ya kujaza tena chupa ya zamani. Je, si kibuyu kile kile kimerudi?

Basi ukishika chupa au kopo, lisome hivi:

1. Tazama uzani, si ukubwa. Kopo lenye kitako kilichobonyea ndani huonekana limejaa kuliko lilivyo.
2. Tafuta tarehe ya mwisho wa matumizi. Ukiona picha ya kopo lililofunguliwa na "12M", maana yake tumia ndani ya miezi 12 baada ya kulifungua.
3. Tafuta alama ya ubora ya KEBS, na orodha ya vilivyomo. Krimu isiyotaja vilivyomo, iache pale pale.
4. Geuza chini uone pembetatu yenye nambari. Nambari 1, 2 na 5 ni plastiki ambazo kwa kawaida hurejelezwa kwa urahisi kuliko nyingine.
5. Kabla ya kutupa chupa ya manukato au ya krimu ya bei, bandua au chanachana karatasi yake, wajanja wasije wakaijaza bandia.

Zoezi: hesabu pakiti zote za sabuni, shampuu na mafuta ulizotumia muhula huu. Zidisha kwa bei, kisha linganisha na bei ya chupa moja kubwa. Ikiwa chupa ni nafuu lakini pesa hazitoshi, changeni watatu mnunue moja, mgawane. Kidole kimoja hakivunji chawa.

Nakomea hapo, ndugu msomaji, nikikukumbusha methali ya wazee wetu: uzuri wa mkakasi, ndani kipande cha mti. Usinunue mkakasi; nunua kilichomo.