Simu ya zamani na redio ya LoRa: kutumiana ujumbe pasipo na mtandao

Leo tuweke pembeni viuatilifu.

Msimu uliopita mama mmoja huku kwetu Lushoto alichuma nyanya matenga 30, akasubiri gari. Gari lilikuwa limeharibika njiani tangu alfajiri. Dereva alinipigia mimi, nami sikuwa na namna ya kumpata, maana bondeni kwake mtandao hakuna hata ukipanda mti. Nyanya zilikaa siku tatu. Aliuza matenga 11 kwa bei ya kutupa. Sikulala vizuri.

Ndipo nikaanza kuhangaika na LoRa, redio inayotuma maneno machache kwa umeme kidogo, lakini mbali. Chukua simu ya Android ya zamani yenye Bluetooth (kioo kilichopasuka si tatizo, laini haihitajiki). Nunua kibao cha LoRa chenye chipu ya ESP32, pamoja na antena na betri. Pawabenki nyingine hujizima zenyewe kwa sababu kibao kinakula umeme mdogo mno. Mimi natumia betri ya lithiamu ya 18650.

Kabla ya kununua, waulize TCRA masafa yanayoruhusiwa. Kuna vibao vya 433 na vya 868 MHz, havisikilizani, na antena lazima ilingane na kibao.

FUNGA ANTENA KWANZA, ndipo uwashe. Ukiwasha bila antena unaweza kuunguza redio. Cha kwangu cha kwanza kilikufa hivyo, nilikuwa na haraka.

Ukishafunga antena, unganisha kibao na kompyuta kwa waya wa data (waya wa kuchajia tu haufai), upakie Meshtastic, ni ya bure. Weka programu yake kwenye simu, oanisha kwa Bluetooth, chagua eneo la masafa. Funguo ya siri ya chaneli badilisha, ile inayokuja nayo inajulikana na kila mtu. Mipangilio hii iwe sawa kwenye redio zote.

Sasa mlima. Kutoka kwangu hadi kwa yule mama haukupita ujumbe hata mmoja, kilima kimekaa katikati. Nikaomba kuweka redio ya tatu juu ya paa la mzee mmoja kileleni, na sola ndogo. Hiyo inapokea na kurusha tena, yenyewe. Ujumbe uwe mfupi, herufi kama 200 hivi. Na kama jambo ni la mtu mmoja, mwandikie yeye moja kwa moja. Kwenye kundi, alama ya kupokelewa inaweza kutoka kwa redio ya kilimani tu, kumbe mwenyewe hajapata.

Jumatano nilimwandikia: "Mama, gari halijatoka, usichume."

Akajibu: "Nimekuelewa bwana shamba. Nilishashika tenga."