Mlango wa moyo unapovuja, tungoje mpaka lini?

ALHAMISI moja baada ya swala ya Isha tulikaa kikao cha familia nyumbani kwa baba mdogo, Temeke. Ajenda ilikuwa moja tu: dada yangu mwenye umri wa miaka 41, mama wa watoto wanne, afanyiwe upasuaji wa moyo au asifanyiwe. Dada mwenyewe ndiye aliyetuletea chai. Baba mdogo akamwangalia, akasema: "Huyu anapika, anafua, Ramadhani kafunga yote. Leo mkamfungue kifua? Tumwachie Mwenyezi Mungu. Akizidiwa ndiyo tutampeleka."

Macho yakanigeukia mimi, kwa kuwa ndiye ninayefundisha dini na ndiye niliyefika chuo kikuu. Nikasema tawakkul ni jambo kubwa na subira ina malipo. Yote mawili ni kweli, lakini usiku ule niliyasema kwa sababu nilikuwa naogopa. Naandika haya nikijua kuwa vikao kama kile vimo katika nyumba zetu nyingi.

Ndugu msomaji, tuuelewe kwanza ugonjwa wenyewe. Moyo una valvu nne, yaani milango inayoipitisha damu mbele na kuizuia isirudi. Mtoto akiugua mafindofindo ya bakteria asitibiwe, anaweza kupata homa ya baridi yabisi, na homa hiyo huiharibu milango hiyo, hasa ule ulio kati ya vyumba viwili vya kushoto vya moyo. Wa dada ulikuwa haufungi. Kila moyo ulipopiga, sehemu ya damu ilirudi ilikotoka.

Sasa kwa nini mtu huyo afunge Ramadhani nzima na kupika? Fikiria bomba la kisima la kupampu kwa mkono ambalo valvu yake imechoka. Maji mengine yanapanda, mengine yanarudi. Anayepampu akiwa na nguvu atapampu zaidi, na ndoo itajaa vilevile. Anayeipokea ndoo hajui kitu. Atajua siku ambayo mkono umechoka, na siku hiyo hata ukileta valvu mpya, mkono hauwi mpya.

Ndiyo maana daktari hategemei maneno ya mgonjwa peke yake. Hutumia kipimo cha eko kuangalia moyo unasukuma asilimia ngapi ya damu katika kila pigo. Kwa mtu mwenye moyo mzima, 55 hadi 70 ni kawaida. Kwa mwenye mlango huu unaovuja sana, ikishuka hadi 60 au chini yake ni ishara ya kuuendea upasuaji, hata kama mgonjwa hajisikii vibaya, kwa sababu sehemu ya damu inayohesabiwa inarudi nyuma kwa njia nyepesi na kuufanya moyo uonekane hodari kuliko ulivyo. Hupimwa pia upana wa chumba cha chini cha kushoto mwisho wa pigo, na mpaka wake ni milimita 40. Na mgonjwa akianza kuhema kwa sababu ya mlango huo, hiyo nayo ni sababu tosha.

Mwaka mmoja kabla ya kikao chetu dada alikuwa na 64, na daktari mwenyewe ndiye aliyesema tungoje, ila arudi kila baada ya miezi sita. Safari hii alikuwa na 58, na chumba kimefika milimita 41. Daktari akasema wakati umefika. Sisi tukasema tungoje. Neno ni lile lile, lakini kungoja kwake kulikuwa na kipimo na tarehe, kwetu hakukuwa na chochote.

Sayyidna Umar bin Khattab (r.a) alipokuwa njiani kuelekea Sham, alipewa habari za tauni akiwa Sargh. Akakusanya watu kwa makundi, akawataka ushauri, kisha akaamua kurudi. Abu Ubayda (r.a) alipomuuliza kama anaikimbia kadari ya Allah, akamjibu kuwa anatoka katika kadari ya Allah kwenda katika kadari ya Allah. Kisa hiki nimekisomesha miaka mingi, na sikukikumbuka nilipokihitaji. Umar (r.a) hakungoja tauni imfikie ndipo ageuze ngamia. Na Baraza la Kimataifa la Fiqhi la Kiislamu, katika kikao chake cha 7 Jeddah mwaka 1992, lilisema matibabu huwa wajibu pale kuyaacha kunapopelekea kupoteza nafsi au kiungo, au kulemaa.

Simaanishi kila mwenye valvu mbovu akimbilie kisu. Upasuaji una hatari zake, na ukifanywa mapema kuliko inavyostahiki unabadilisha maradhi kwa mzigo mwingine. Valvu ya chuma inataka dawa ya kuzuia damu kuganda, kila siku, maisha yote, pamoja na kupima damu. Ya tishu ya mnyama huchakaa, na kwa vijana huchakaa upesi zaidi. (Shangazi aliuliza kama ni ya nguruwe. Zipo za nguruwe, zipo za ng'ombe, na ipo hiyo ya chuma. Muulize daktari mapema.) Wala udhuru wa kupelekwa India si kama zamani, kwani tangu 2015 tunayo Taasisi ya Moyo Jakaya Kikwete hapa Dar es Salaam.

Dada alikaa miezi minane bila kurudi kliniki. Alipoanza kulalia mito mitatu, tulimpeleka. Eko ikasoma 49. Alhamdulillah, alipasuliwa akawekewa valvu ya chuma, lakini daktari alituonya kuwa valvu ni mpya, msuli ni ule ule. Leo anapika kwa kukaa kwenye kigoda, na ndoo ya maji anabebewa na mwanawe.

Baba mdogo ndiye anayemsindikiza kupima damu. Jioni tukikutana msikitini, kabla sijamaliza kuitikia salamu, ananitajia namba iliyosomwa siku hiyo.