Panya Ametulia Kweli? Somo la Kupima Nishati ya Mapumziko



Wanaosoma biolojia, famasia au udaktari huenda wakatakiwa kupima kasi ya umetaboli ya panya akiwa mapumzikoni, yaani nishati anayotumia ili kuishi tu: moyo upige, apumue, ubongo ufanye kazi.

Panya huwekwa ndani ya chemba iliyofungwa. Hewa hupitishwa humo, na mashine husoma oksijeni inayoingia na inayotoka. Tuseme zinapita mililita 400 kwa dakika. Oksijeni inaingia ikiwa 20.95% na kutoka ikiwa 20.80%. Tofauti ni 0.15% ya 400, yaani mililita 0.6 kwa dakika, au 36 kwa saa. Kila mililita ya oksijeni inayotumika huendana na takriban jouli 20. Basi panya anatumia jouli 720 kwa saa, sawa na wati 0.2.

Hesabu ni nyepesi. Kazi iko kwenye neno "mapumziko". Zingatia haya:

1. Joto. Panya wa gramu 25 hupoteza joto upesi. Nyuzi 22 zinazotufaa sisi, kwake ni baridi, naye huchoma nishati zaidi ili ajipashe. Pima kwenye nyuzi 30 hivi.

2. Chakula. Kukisaga hutumia nishati. Kiondoe saa chache kabla, si siku nzima. Mwili mdogo una akiba ndogo.

3. Wakati. Panya huhangaika usiku, hulala mchana. Pima mchana.

4. Utulivu. Mwache aizoee chemba, kisha chukua visomo vya vipindi alivyotulia, si wastani wa saa yote.

5. Unyevu. Kausha hewa kabla haijafika kwenye mashine, maana mvuke hupunguza kiwango cha oksijeni kinachosomwa.

Sasa fikiria umepima panya waliopewa dawa asubuhi ya baridi, na wasiopewa adhuhuri ya joto. Tofauti utakayoiona huenda ni ya hali ya hewa, nawe utaandika kuwa ni ya dawa. Atakayekuamini atapotea, na wanyama wale watakuwa wametumika bure. Namba ni ushahidi, na ushahidi ni amana.

Zoezi: panya yuleyule amepimwa kwenye nyuzi 22, oksijeni inatoka ikiwa 20.70%. Anatumia wati ngapi? Ukipata 0.33, umeelewa somo.